Jamaa wa pikipiki na bendera kwenye misiba ya wanajeshi Marekani: wanafanya nini hasa?

#1 Mbeba Boksi wa Wichita

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mapikipiki makubwa, mijitu ya ndevu na vizibao vya ngozi, bendera zinapepea nyuma ya viti, na mbele yao gari la kubebea maiti. Maelezo yaliyobandikwa yanasema eti ni genge la wahuni wa Marekani wanamzika bosi wao. Nimeletewa na watu wazima na akili zao, mmoja ni mjomba wangu mwenye digrii mbili. Nimeona nilete uzi, maana hapa ninapobebea maboksi, Kansas, ndipo jambo hili lilipozaliwa.

Wale wanaitwa Patriot Guard Riders. Ni watu wa kujitolea. Hakuna ada ya uanachama, hakuna posho, mafuta kila mtu anajaza kwa mfuko wake. Kazi yao ni kusimama na familia ya mwanajeshi siku ya maziko, kumsindikiza marehemu kutoka uwanja wa ndege au nyumba ya maiti hadi kanisani na kaburini, na kuzuia asitokee mtu wa kumsumbua mfiwa.

Utauliza, nani amsumbue mfiwa? Hapo ndipo stori ilipo.

Mji mkuu wa jimbo hili ni Topeka. Pale kuna kanisa dogo linaitwa Westboro Baptist, lililoanzishwa na Fred Phelps mwaka 1955. Ukisikia kanisa usifikirie umati. Sehemu kubwa ya waumini ni watoto wake, wakwe na wajukuu. Mafundisho yao kwa ufupi: Marekani imevumilia ushoga, Mungu kakasirika, basi kila mwanajeshi anayeuawa ni kiboko cha Mungu kwa taifa. Walianza na misiba ya mashoga miaka ya 1990. Mwaka 2005, vita vya Iraki vikiwa vimepamba moto, wakahamia kwenye misiba ya wanajeshi. Moja ya mabango yao lilisomeka "Asante Mungu kwa Wanajeshi Waliokufa". Mengine siyaandiki hapa, moderata atanila kichwa. Na mara nyingine bango limeshikwa na mtoto wa shule ya msingi.

Chukulia wewe ni mama. Umepigiwa hodi na maofisa wawili waliovaa sare, umeambiwa mwanao hayupo. Umesubiri mwili wiki nzima. Siku ya maziko unashuka kwenye gari, ng'ambo ya barabara kuna watu wanaimba na kushangilia kwamba mwanao kafa.

Kusini kidogo ya Wichita kuna mji mdogo unaitwa Mulvane. Tawi la American Legion la pale, ambao ni umoja wa wanajeshi wastaafu, lilikuwa na kikundi cha waendesha pikipiki. Hao ndio wa kwanza kusema hapana. Na hekima yao ninayoiheshimu mpaka leo ni hii: kabla ya kuwasha pikipiki hata moja, waliwatafuta kwanza wafiwa na kuwauliza kama wanawataka. Wakazungumza na polisi pia. Msiba mmoja wa mwanzo kabisa walioenda ulikuwa Chelsea, mji mdogo wa Oklahoma, mwaka huohuo wa 2005. Habari zikasambaa kwa waendesha pikipiki wa majimbo mengine na kabla mwaka haujaisha ukawa ni mtandao wa nchi nzima.

Masharti yao hayana mengi, na yote yanazunguka jambo moja. Huendi bila familia kukualika. Huwagusi waandamanaji, huwajibu, huwatazami hata usoni. Unawapa mgongo, unainua bendera, basi. Bendera zikipangwa bega kwa bega zinakuwa ukuta, mfiwa anapita ndani haoni kitu. Wale wa upande wa pili wakipaza sauti, jamaa wanavuta resi. Anayejua mlio wa Harley hahitaji maelezo zaidi.

Naomba kuwasilisha. Maswali ruksa.

#2 mtoto_wa_Kariakoo

Nimewahi siti ya mbele. Mkuu umetema madini. Ila swali la kijinga: polisi walikuwa wapi? Huku kwetu ukishangilia kwenye msiba wa mtu hufiki kituoni ukiwa mzima.

#3 Mbeba Boksi wa Wichita

Polisi walikuwepo, na kazi yao ilikuwa kuwalinda pia hao wenye mabango. Wakili akipita hapa atatueleza vizuri.

#4 Mjamaa wa Mwisho

Samahani kuharibu sherehe. Iraki walikufa raia wangapi? Nani aliwasimamishia bendera? Hao wenye pikipiki mnaowasifia ndio haohao waliompigia kura aliyeanzisha vita vya uongo vya silaha za maangamizi ambazo hazikuonekana. Halafu leo tuone ni watu wa huruma. Hii ni propaganda ya kijeshi yenye ekzosi.

#5 Dereva wa Semi

"Propaganda ya kijeshi yenye ekzosi" 😂😂 Mjamaa unafaa kuandika kanga.

#6 Wakili Msomi Asiyesoma

Nimeitwa, nimekuja.

Kesi mnayoitafuta ni Snyder dhidi ya Phelps. Matthew Snyder alikuwa askari wa Marine, alifariki Iraki Machi 2006. Mazishi yake yalikuwa Westminster, Maryland. Westboro wakaja watu saba tu na mabango yao. Walisimama kwenye ardhi ya umma, umbali wa futi kama 1,000 kutoka kanisani, mahali walipoelekezwa na polisi, na waliondoka ibada ilipoanza. Baba wa marehemu, Albert Snyder, siku ile aliona vichwa vya mabango tu. Maneno yenyewe aliyasoma jioni kwenye taarifa ya habari ya televisheni.

Akashtaki. Baraza la wazee wa mahakama likampa fidia ya karibu dola milioni 10.9, jaji akaipunguza hadi milioni 5. Mahakama ya rufaa ikafuta yote. Na hapa ndipo watu waliposhika vichwa: mzee aliamriwa awalipe Westboro gharama za rufaa, zaidi ya dola 16,000. Yaani umemzika mwanao, umetukanwa, halafu bili inakuja kwako.

Ikafika Mahakama ya Juu. Machi 2, 2011 ikaamuliwa 8 kwa 1 kwamba Westboro wana haki. Jaji Mkuu Roberts ndiye aliyeandika. Hoja: walizungumzia mambo ya umma, mahali pa umma, kwa amani, na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanalinda hata kauli inayoumiza. Aliyepinga ni Jaji Alito peke yake. Aliyewatetea Westboro mahakamani alikuwa Margie Phelps, binti wa mchungaji. Familia ile ina mawakili wa kutosha. Na mkitaka kucheka kwa uchungu, Fred Phelps mwenyewe zamani alikuwa wakili, alichukua kesi za Weusi waliobaguliwa Kansas, kabla hajafutwa uwakili jimboni mwaka 1979.

Bunge lilijaribu. Mwaka 2006 ilipita sheria ya kuzuia maandamano ndani ya futi 300 za makaburi ya taifa, saa moja kabla na saa moja baada ya maziko. Mwaka 2012 wakaongeza ikawa saa mbili na ikahusu mazishi ya mwanajeshi popote. Lakini futi 300 ni mita 90 hivi. Hapo bango linasomeka vizuri tu.

Kwa hiyo mtoto wa Kariakoo, jibu ni hilo: serikali ilikuwa imefungwa mikono na katiba yake yenyewe. Raia mwenye bendera hakufungwa. Haki ileile iliyompa Phelps ruhusa ya kusimama na bango ndiyo iliyompa mwenye pikipiki ruhusa ya kusimama mbele ya bango. Kama mwanasheria, huo kwangu ndio utamu wa jambo lote, na sioni kama Mjamaa ameugusa.

#7 Mjamaa wa Mwisho

Wakili, sijaugusa kwa sababu sikuupinga. Sibishani na haki ya mama kuzika kwa amani. Ninachosema, bendera hamsini zikipangwa kwenye jeneza moja, hakuna tena anayethubutu kuuliza kijana alitumwa huko na nani na kwa faida ya nani. Heshima inakuwa kofuli.

#8 Mbeba Boksi wa Wichita

Mjamaa, hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Wapo ndani yao wanaoamini kila vita vya nchi yao ni vitakatifu. Nimekaa nao, wanaongea. Lakini kikundi chenyewe kimeandika waziwazi kwamba hakijali siasa zako, uwe unapenda vita au unavichukia, uwe na pikipiki au usiwe nayo, uwe ulipita jeshini au hukupita. Wapo wanaokuja na gari aina ya Corolla.

Na kuna kitu usikisahau. Wengi wa wale wazee wa ndevu ni watu wa Vietnam. Walirudi miaka ya 60 na 70 nchi ikiwa imegawanyika. Wapo walioambiwa wavue sare uwanja wa ndege ili wasitukanwe njiani. Ukimuuliza mzee wa hivi kwa nini anasimama juani kwa muda wa saa tatu kwa ajili ya mtoto asiyemjua, hakupi hotuba ya bendera. Anakuambia mimi niliporudi hakuna aliyenipokea. Basi. Hata ile misafara mikubwa ya Washington ilianza na wao. Rolling Thunder ilianza 1988, wikiendi ya siku ya kumbukumbu mwezi Mei, pikipiki zikitoka maegesho ya Pentagon kwenda kwenye ukuta wa Vietnam, ule wa mawe meusi wenye majina zaidi ya 58,000. Walikuwa wanadai habari za mateka na waliopotea vitani. Hapo walikuwa wanaidai serikali yao wenyewe majibu. Kofuli gani hilo linaloigongea serikali mlango?

#9 Mama Njeri Killeen

Nimesoma kimya, sasa wacha niseme kama mzazi. Mimi ni Mkenya, naishi Killeen, Texas, karibu na Fort Hood. Kijana wangu ako jeshi la Marekani.

Huyu Mjamaa, mwanangu, nakuelewa. Lakini nikuambie kwa nini watoto wetu wanaingia. Si kwa sababu ya Bush wala Trump. Wanaingia kwa sababu ya ada ya chuo, bima ya matibabu, na uraia. Mwenye green card akitumikia jeshi njia ya uraia inakuwa fupi. Hapa Killeen kanisani kwetu kuna Wakenya, Wacameroon, Wanigeria, Wakongo, wote wako na mtoto ndani. Akifa, atazikwa na bendera ileile. Na mimi mama yake niko mbali na nyumbani, sina ukoo wa kunizunguka. Sina shangazi wa kulala na mimi kwa mkeka. Hao wazee wa pikipiki wakija kusimama nje ya mlango wangu nitawakaribisha, na chai nitawapikia.

Mwaka 2019 mwezi wa Januari kulikuwa na mzee mmoja mwanajeshi wa anga wa zamani, alikufa na hakukujulikana jamaa yake yeyote. Makaburi ya wanajeshi ya jimbo hapa Killeen yakaweka tangazo kwa mtandao: tunamzika, kama una nafasi njoo, asizikwe peke yake. Siku hiyo baridi ilikuwa ile ya upepo wa kukata masikio. Magari yalijaa barabara, watu wakaegesha mbali wakatembea kwa nyasi. Pikipiki zilikuwa nyingi sana. Watu ambao hawajawahi kumwona walikuwa wanalia. Mimi mwenyewe nilikuwa natoka zamu ya usiku, na sare yangu ya hospitali.

#10 Dada wa Tandika

Shikamoo mama. Umenimaliza na huo mkeka.

#11 Mama Njeri Killeen

Marahaba binti yangu.

#12 Omosh_Kitengela

Wasee, tusijifanye hii kitu ni geni. Huku mwanaboda akianguka, stage nzima inafunga kazi. Matawi ya miti kwa handlebar, hooter juu mpaka kaburini, nduthi mia mbili hakuna hata helmeti moja. Hiyo si ni Patriot Guard ya Kitengela?

Shida tu ni wale wanapiga wheelie mbele ya gari ya maiti. Juzi kwa matanga ya jirani mmoja alilamba lami, tukapeleka wawili hospitali kabla hatujazika mmoja.

#13 Dereva wa Semi

😂😂😂 Omosh bana.

Lakini ni kweli, Dar pia bodaboda wanasindikizana hivyohivyo. Tofauti ninayoiona mimi, bodaboda anamsindikiza mwenzake wa kijiweni, anamjua mpaka mkopo wake. Hawa wanasindikiza mtu wasiyemjua. Na hawapigi honi ovyo. Nimekutana na msafara wao barabara kuu ya I-35 nikiwa na trela. Wapo safu mbilimbili, spidi ya chini, taa zote zinawaka, kimya. Magari yote upande wa pili yalisogea pembeni. Na mimi nikasogea, trela la futi 53, jamaa wa nyuma yangu hakupiga hata honi.

#14 Mjamaa wa Mwisho

Mama, shikamoo. Kwa ulichosema sina la kujibu, mwanao arudi salama.

Lakini mleta uzi, swali la kweli sasa. Iraki imeisha, Afghanistan wameondoka 2021. Westboro bado wapo lakini babu yao alikufa 2014 na siku hizi hawasikiki kama zamani. Hawa wapanda pikipiki bado wana kazi gani?

#15 Mbeba Boksi wa Wichita

Swali zuri. Kazi imebadilika sura, haijapungua.

Mimi nafanya kazi nyumba ya kutunzia wazee. Asilimia kubwa ya wazee wa kiume ninaowaogesha walipita jeshini, Korea, Vietnam, au walikaa Ujerumani wanapiga deki kambi miaka miwili. Wote hao wana haki ya maziko ya heshima. Kisheria, tangu mwaka 2000, familia ikiomba, jeshi lazima lilete watu wasiopungua wawili wenye sare, wakunje bendera, waikabidhi kwa familia, na lipigwe tarumbeta la mwisho. Wawili tu. Na mpiga tarumbeta wa kweli ni adimu siku hizi, kwa hiyo mara nyingi yule askari anashika tarumbeta lenye kifaa ndani. Anabonyeza kitufe, analiweka mdomoni, linapiga lenyewe, yeye mashavu hayajai hata kidogo. Ukisimama karibu unaona. Ukisimama mbali hujui.

Sasa chukua mzee ambaye mke katangulia, watoto hawapo au hawataki. Askari wawili, mchungaji wa zamu, na sisi wahudumu kama bosi katuruhusu. Nilimzika mzee wangu mmoja wa namna hiyo makaburi ya wanajeshi ya Winfield, kusini huku. Mzee mkali huyo, alikuwa ananiita "Afrika" na kunilaumu chai ikiwa baridi. Nilijua tutakuwa watu wanne. Kufika getini nikakuta pikipiki zimepangwa pande zote mbili za barabara, na kila mwenye pikipiki kasimama kando yake na bendera. Mmoja ana mguu wa bandia. Mwingine mama mtu mzima, nywele nyeupe, glavu za ngozi, kaushika mlingoti kwa mikono miwili maana upepo wa Kansas haukopeshi.

Bendera ya jeneza ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, futi 5 kwa 9 na nusu. Wanaikunja polepole, kiganja kinapitishwa kila mkunjo, mpaka inabaki pembetatu ya buluu yenye nyota juu, wekundu wote umefichwa ndani. Halafu askari anapiga goti, anaikabidhi kwa mfiwa na kusema maneno ya shukrani kwa niaba ya Rais na taifa. Mfiwa hakuwepo. Akamkabidhi yule mama wa nywele nyeupe. Kumbe kuna watu huenda kwenye misiba ya namna hii makusudi ili bendera isikose mikono ya kuipokea.

Mjamaa, hapo hapakuwa na kura ya mtu wala silaha za maangamizi. Palikuwa na mzee wa chai baridi.

#16 Kijana wa Mbagala

Aisee.

#17 Dada wa Tandika

Wanawake nao wanaendesha? Na hiyo "Gold Star" naiona kwenye habari ni nini, cheo?

#18 Mama Njeri Killeen

Wanaendesha sana tu binti yangu, na wengine ndio viongozi wa msafara.

Gold Star si cheo, na hakuna mtu anakitamani. Tangu vita vya kwanza vya dunia, nyumba yenye mtu jeshini hutundika dirishani kitambaa cheupe chenye mpaka mwekundu, katikati nyota ya buluu. Mtoto mmoja, nyota moja. Akifa kazini, ile buluu inafunikwa na ya dhahabu. Kwa hivyo mama wa nyota ya dhahabu ni aliyezika. Siku yao ni Jumapili ya mwisho ya Septemba. Wapanda pikipiki wanawajua kwa majina, mwaka baada ya mwaka. Wengine wanakwenda kumkatia nyasi, kumrekebishia paa. Mimi kwa dirisha langu iko ya buluu, na naomba Mungu ibaki hivyo.

#19 Mgosi_Coventry

Wagosi wa huku Uingereza tunaongeza. Kuna mji unaitwa Wootton Bassett. Kati ya 2007 na 2011 miili ya wanajeshi waliokufa Iraki na Afghanistan ilikuwa inashukia uwanja wa RAF Lyneham jirani, na magari ya maiti lazima yapite barabara kuu ya mji ule. Hakuna aliyeandaa kitu. Wazee wachache wa Legion ya huku Uingereza walianza kusimama tu pembeni, kisha wenye maduka wakawa wanafunga, kengele ya kanisa inapigwa, watu wanatoka kwa vinyozi na povu shavuni. Ilipita hivyo misafara 167, miili 345. Machi 2010 wenye pikipiki wakaja kwa maelfu kutoka nchi nzima kupita pale kuushukuru mji wenyewe na kuchangia fedha. Mwaka 2011 Malkia akaupa hadhi, sasa unaitwa Royal Wootton Bassett.

Tofauti na Marekani, pale hapakuwa na bendera nyingi wala resi. Mwingereza akihuzunika sana anavua kofia, amemaliza.

#20 mtoto_wa_Kariakoo

Swali linalonikera sasa. Desemba 2017 vijana wetu wa JWTZ waliuawa Semuliki, Kongo, wakiwa walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Walishambuliwa kambini, na wengi wakajeruhiwa. Waliagwa pale Upanga kwa heshima zote za jeshi, sawa, hilo lilifanyika na lilifanyika vizuri. Lakini baada ya pale? Nani anajua nyumba za wajane wao? Tarehe 25 Julai tunaweka mkuki na ngao, upinde na mishale, siku ya Mashujaa, tunarudi nyumbani. Je, kuna bodaboda anayeweza kukuambia kwamba kwenye mtaa wake kuna mama wa askari aliyefia Kongo?

#21 Omosh_Kitengela

Na sisi El Adde kule Somalia, Januari 2016, kambi ya wanajeshi wetu wa Kenya iliposhambuliwa. Hiyo ni kidonda. Familia zingine zilikaa wiki nyingi zikingoja majibu ya DNA. Na raia tuliambiwa tusipost picha, basi tukanyamaza kabisa, hata pole hatukupeleka. Huku kwetu msiba wa mwanajeshi ni wa serikali mpaka pale gari ya jeshi inatoka kwa boma. Baadaye ni wa mama pekee.

#22 Mbeba Boksi wa Wichita

Mtoto wa Kariakoo, Omosh, sina jibu la kuwapa kutoka Kansas. Kitu kimoja naweza kusema kutokana na nilichokiona: hawa hawakusubiri serikali. Hata usafirishaji wa miili ulibadilika kwa kelele za wafiwa. Zamani jeneza la askari likitoka kituo cha jeshi cha Dover, Delaware, kwenda kwao, lilikuwa linapakiwa ndege ya abiria chini na mizigo. Mzazi mmoja wa California aliyeona mwanawe analetwa hivyo akapiga kelele mpaka bungeni, na tangu 2007 wanaletwa na ndege ndogo ya kukodi hadi uwanja wa karibu na nyumbani, kwenye viwanja vile vya mashambani. Nani yuko pale kwenye lami wanapotua? Askari wa heshima, familia, na wazee wa pikipiki.

Mkitaka kuanza, anzeni na kijiwe kimoja na familia moja iliyokubali. Iliyokubali, narudia. Mtu asiende kwa mjane na kamera.

#23 Mjamaa wa Mwisho

Kwa hilo la kamera nakuunga mkono kwa asilimia zote. Ukianzishwa mchango wa mafuta kwa kijiwe cha namna hiyo Mbagala au Gongo la Mboto, niiteni. Msimamo wangu kuhusu Iraki uko palepale.

#24 Kijana wa Mbagala

Mleta uzi, nina ndugu yangu kapata green card, anakuja Wichita mwezi ujao. Hana pikipiki, hana uraia, Kiingereza cha kuombea maji. Anaweza kwenda kusimama nao?

#25 Mbeba Boksi wa Wichita

Anaweza. Aingie kwenye tovuti yao, achague jimbo la Kansas, ataona matangazo ya misiba: mahali pa kukutania, nguo za kuvaa, na saa ya "KSU", maana yake stendi za pikipiki zinapandishwa, msafara unaondoka. Afike nusu saa kabla, siyo saa za Kiswahili. Kabla ya kuondoka kiongozi wa msafara hukusanya watu na kueleza utaratibu: nani mbele, wapi pa kusimama, familia imeomba nini. Bendera atapewa, wanakuwa nazo za ziada.

Avae viatu imara na glavu. Anywe maji ya kutosha, Julai hapa linawaka hasa. Akisimama kwenye mstari magoti asiyakaze, alegeze kidogo, la sivyo ataanguka kama gunia mbele za watu. Nimeshaona askari kijana, mzima kabisa, anakwenda chini hivyo.

Asipige picha ya familia. Asitoe pole kabla hajasogelewa. Akisogelewa, Kiingereza cha kuombea maji kinatosha.

#26 mtoto_wa_Kariakoo

Na baada ya maziko kuna pilau?

#27 Mbeba Boksi wa Wichita

Kuna sandwichi za nguruwe na kahawa nyepesi ya kanisani. Kama ndugu yake ni Muislamu, abebe maandazi yake.